Televisheni Mpya Nyumbani: Tununue au Tungoje?



Mada yetu ya leo yaweza kuonekana ndogo kwa ukurasa unaozungumzia mapatano ya bwana na bibi. Lakini waulizeni wazee wa jumuiya ndogo ndogo, wale wanaoitwa usiku kusuluhisha nyumba. Watawaambia kwamba ugomvi mwingi hauanzi na jambo kubwa. Huanza na kitu kilicholetwa nyumbani Jumamosi jioni, ndani ya katoni, bila mmoja wa wenye nyumba kuulizwa.

Siku hizi katoni hiyo mara nyingi huwa na televisheni. Mtu akishuka matatu mjini na kupita Luthuli Avenue, ataziona zimepangwa kwa safu, zote zimewashwa, zote zinaonyesha samaki wa rangi na maporomoko ya maji. Muuzaji atamwita ndani na kumwambia kwamba ile aliyo nayo nyumbani imepitwa na wakati. Atamtajia LED, QLED, OLED na 4K. Jioni akirudi Kangemi, Kawangware au Uthiru, mwili umepanda matatu lakini moyo umebaki dukani.

Swali letu ni hili: bwana na bibi waamue vipi kama wakati umefika wa kuiacha televisheni ya zamani na kununua ya kioo kipya? Tutalijibu kwa hatua. Kwanza tujue haja yetu, pili tuelewe kinachouzwa, tatu tuhesabu gharama yote, nne tuamue wawili. Nyumba nyingi huanza na hatua ya duka na kumaliza na hatua ya kuzungumza, na hapo ndipo shida inapoingia.

KUTAKA KITU KIZURI SI KOSA

Tusianze kwa kulaumiana. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na nyumba zilizokuwa nayo zilikuwa chache. Rangi zilikuja mwaka 1978. Mwaka 1990 KTN ikaanza, kituo cha kwanza cha watu binafsi, na watu wakapata cha kuchagua. Kila mara kulikuwa na waliokimbilia kununua na waliongoja. Waliongoja hawakufa kwa kungoja, na walionunua hawakutenda dhambi kwa kununua. Tofauti ilikuwa kama nyumba ilikuwa na uwezo, na kama wenye nyumba walipatana.

Zipo sababu nzuri za kubadilisha. Kioo cha sasa kimejaa mistari na fundi amekikatia tamaa. Nyanya mnayeishi naye haoni tena maandishi madogo. Watoto hufuata masomo kwenye televisheni na herufi hazisomeki. Au bwana hutazama mpira katika baa kila Jumamosi na Jumapili, na pesa anazoacha huko ni nyingi kuliko gharama ya kuutazama nyumbani.

Zipo pia sababu zinazohitaji kupimwa kwanza. Jirani amenunua. Duka limetangaza bei ya sikukuu. Kuna mashindano makubwa yanakuja. Mnakumbuka Agosti 2025, mechi za CHAN zilipochezwa Kasarani, jinsi watu walivyotaka vioo vikubwa. AFCON ya 2027 nayo imepangwa kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na maduka hayatanyamaza. Mashindano huchezwa kwa wiki chache. Deni laweza kukaa mwaka mzima.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako na unaulalia kila siku. Msala upitao ni mzuri, lakini unapita. Methali hii haimkatazi mtu kununua mkeka mpya. Inamwonya asiutupe wa zamani kwa sababu tu ameona mwingine ukipita njiani.

TULICHOFUNDISHWA MWAKA 2015

Nchi yetu iliwahi kupewa somo juu ya jambo hili. Matangazo ya dijitali yalizinduliwa Kenya mwezi wa Desemba 2009. Walionunua ving'amuzi vya mwanzo walinunua vya kiwango kilichoitwa DVB-T. Baadaye nchi ikachagua kiwango kipya zaidi, DVB-T2, na vile ving'amuzi vya kwanza havikuweza kukipokea. Waliotangulia kufika dukani ndio waliorudi tena dukani.

Kisha kukawa na kesi ndefu mahakamani kati ya wenye vituo na serikali, mpaka Mahakama ya Juu. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analogi ya NTV, KTN, Citizen na QTV ilizimwa Nairobi na viungani. Vituo hivyo vilikuwa nje ya hewa kwa zaidi ya wiki mbili, vikarudi mwanzoni mwa Machi. Siku hizo nyumba ya Lavington yenye kioo cha bei ghali na chumba cha Kangemi chenye televisheni ya kisogo kirefu zilikuwa sawa kwa vituo hivyo vinne: hakuna aliyeviona.

Hapo tuna mafunzo mawili. La kwanza, picha haitoki katika kioo. Inatoka kwa anayeirusha. Kioo kikiwa bora kuliko kinacholetwa, ubora wa ziada unakaa bure. La pili, wengi waliambiwa wakati ule kwamba televisheni zao za zamani zimekufa na wanunue mpya. Haikuwa kweli. Kilichohitajika kilikuwa king'amuzi, kilichounganishwa kwa zile nyaya tatu zenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Baba Mtakatifu Fransisko alipotembelea Kangemi, waliobaki nyumbani walimwona kwenye televisheni za kisogo, kwa king'amuzi, bila shida yoyote.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuulizana nyumbani ni hili: ni kitu gani hasa ambacho televisheni yetu inashindwa kufanya? Kama mnalo jibu, ulizeni tena: je, kuna njia ndogo ya kukitengeneza? Kama kinachokosekana ni intaneti, televisheni yenye tundu la HDMI yaweza kuongezewa kifaa kidogo cha kuchomeka, kwa bei iliyo ndogo sana kuliko ya televisheni nzima. Kama sauti ipo na picha imekuwa giza, mara nyingi ni taa za ndani zilizoungua, na fundi wa Luthuli au River Road huzibadilisha. Lakini kioo chenyewe kikipasuka, hapo kutengeneza hukaribia bei ya kununua mpya, na ni afadhali mzungumzie mpya.

YAJUENI MAJINA KABLA YA KUYALIPIA

Muuzaji akitaja herufi nyingi, mnunuzi huona haya kuuliza. Basi tuzieleze kwa lugha ya nyumbani.

Televisheni za zamani zenye kisogo zilikuwa na bomba kubwa la kioo. Nyuma ya bomba palirushwa chembe za umeme zikagonga kioo cha mbele, kikawaka. Ndiyo sababu zilikuwa ndefu nyuma na nzito kubeba.

LCD ndiyo ya kwanza kati ya vioo vyembamba tulivyozoea. Nyuma ya kioo kuna taa inayowaka wakati wote. Mbele yake kuna vidirisha vidogo sana, mamilioni, vinavyofunguka na kujifunga ili kupitisha mwanga au kuuzuia.

LED, kama inavyouzwa madukani, ni LCD ileile. Kilichobadilika ni taa ya nyuma: zamani ilikuwa mirija, sasa ni taa ndogo za LED zinazotumia umeme kidogo zaidi. Mtu mwenye LED nzima nyumbani asidhani ana kitu cha kizamani.

QLED nayo ni LCD yenye taa za LED, iliyoongezewa utando unaosafisha rangi. Rangi huwa kali na safi zaidi, lakini taa ya nyuma bado ipo, kwa hiyo weusi wake si mweusi kabisa.

OLED ni teknolojia nyingine. Haina taa ya nyuma. Kila kidoti kinajiwakia chenyewe, na kikizimwa kinakuwa giza tupu. Picha za usiku hupendeza sana. Lakini bei yake ni kubwa, na ina udhaifu ambao nyumba zetu zinapaswa kuujua: kitu kinachokaa mahali pamoja muda mrefu chaweza kuacha kivuli cha kudumu. Fikirini nembo ya kituo kwenye pembe na ule mstari wa habari unaopita chini. Kama nyumbani kwenu kituo kimoja cha habari huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, OLED si rafiki yenu. Na kama sebule inapigwa na jua la alasiri, LED yenye mwanga mkali hufaa zaidi.

Plasma msiisahau, ingawa haiuzwi tena mpya. Miaka ya 2000 ilikuwa fahari ya matajiri, na waliolipia kioo cha plasma walilipa fedha nyingi. Panasonic ikaacha kuzitengeneza mwaka 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Zile zilizokwisha nunuliwa ziliendelea kufanya kazi, lakini hakuna aliyeziita tena teknolojia ya kesho. Kioo kinachosifiwa sana leo nacho kitashuka bei, na anayeweza kungoja mwaka mmoja au miwili mara nyingi hupata kilekile kwa pesa kidogo.

JE, 4K TUTAIONA KWELI?

4K maana yake ni wingi wa vidoti. Kioo cha Full HD kina vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, karibu milioni 2. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Vidoti vikiwa vingi picha huwa laini, lakini ni kwa macho yaliyo karibu vya kutosha kuviona.

Chukueni futi ya kupimia mkapime kutoka kwenye kioo mpaka pale mnapokaa. Kwa kioo cha inchi 43 cha Full HD, mtu mwenye macho mazima akikaa zaidi ya mita 1.7 hivi, yaani futi tano na nusu, hawezi tena kutenganisha kidoti na kidoti. Kwa inchi 55 umbali huo ni kama mita 2.2, yaani futi saba. Kupita hapo, vidoti vya ziada vya 4K vipo lakini jicho halivioni.

Sasa fikirini chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho wengi wetu tunakijua. Kiti kiko ukutani huku, televisheni ukutani kule, na kati yao ni futi saba hivi. Katika chumba hicho, inchi 43 ya Full HD inatosha kabisa. Vioo vikubwa vya inchi 55 siku hizi karibu vyote huja na 4K, kwa hiyo mkikihitaji kikubwa mtaipata bila kuitafuta. Msikubali tu kuongezewa bei kwa ajili ya jina.

Tena kumbukeni lile somo la 2015. Matangazo ya bure ya vituo vyetu kwa kawaida hayarushwi kwa 4K. Anayetaka kuitumia ataitafuta kwenye intaneti, na Netflix, kwa mfano, hushauri mwendo wa Mbps 15 au zaidi kwa picha za 4K, na Mbps 5 kwa Full HD. Kwa maneno mengine, kioo kipya chaweza kuja na bili mpya ya intaneti ambayo haikuandikwa kwenye katoni.

HESABU YOTE, SI BEI PEKE YAKE

Mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka mnaujua. Mahesabu huja kwanza. Basi ketini mezani na karatasi, mwandike yote: bei ya televisheni, chuma cha kuishikilia ukutani, kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, usafiri, king'amuzi kama hamna, ada ya kila mwezi, intaneti, na umeme.

Umeme si vigumu kuhesabu. Nyuma ya televisheni kumeandikwa wati zake. Tuseme ni wati 100, nayo huwashwa saa tano kwa siku. Hiyo ni nusu yuniti kwa siku, yaani yuniti 15 kwa mwezi. Chukueni risiti yenu ya tokeni, gawanyeni pesa mlizolipa kwa yuniti mlizopewa, mtajua bei ya yuniti moja kwenu. Zidisheni kwa 15. Kioo kikubwa zaidi na chenye mwanga mkali zaidi hula zaidi.

Kisha njia ya kulipa. Tuseme bei ya taslimu ni shilingi 60,000. Duka lingine linasema lipa pole pole: toeni 12,000 leo, halafu 5,000 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 72,000. Hizo 12,000 za juu ndizo bei ya kutongoja. Kama nyumba ina uwezo wa kutoa 5,000 kila mwezi, mkiziweka wenyewe kwa miezi hiyohiyo 12 mtakuwa na 60,000 mkononi, na ikiwa mtoto ataugua mwezi wa saba, pesa hizo ni zenu. Mwenye deni akifikwa na ugonjwa mwezi wa saba ana mizigo miwili.

Na mwulizane: malipo haya yataikuta Januari? Watu wa Nairobi hawakuuita mwezi ule Njaanuari kwa mzaha. Karo, sare na vitabu havingojei mkopo wa televisheni uishe. Kukopa kwa simu ili kulipa lipa pole pole ni kuziba tundu kwa kuchimba jingine.

Hesabu hiyohiyo yaweza pia kuwapa ruhusa ya kununua. Tuseme bwana hutumia shilingi 500 kila mechi anapotazama mpira nje, mara mbili kwa wiki. Kwa wiki nne ni 4,000, na kwa miezi 15 ni 60,000, bei ya televisheni nzima. Kama kweli atakaa nyumbani, nyumba itapata televisheni na kumpata baba pia. Lakini ahadi hiyo isemwe wazi kabla ya kununua. Akinunua na bado akaenda baa, mmelipa mara mbili.

KUAMUA WAWILI

Chukueni mfano huu. Bwana mmoja anapata malimbikizo ya mshahara. Mke wake kwa miezi minane amekuwa akiweka pesa za chama kwa ajili ya mtoto anayeingia sekondari. Bwana anafikiri: hizi ni jasho langu, nitawafurahisha. Analeta kioo cha inchi 55. Watoto wanaruka kwa furaha. Bibi anatabasamu mbele yao, halafu anaingia jikoni. Hakuna neno linalosemwa usiku ule, na bwana anadhani amemfurahisha. Baada ya majuma mawili sukari inakwisha, anaulizwa mbona hakuna sukari, naye anajibu: tazama kwenye ukuta.

Yule mke haikasirikii televisheni. Amegundua kwamba mipango yake ilikuwa ya mtu mmoja wakati alidhani ni ya watu wawili. Na mambo yaweza kuwa kinyume: mke akanunua kwa zamu yake ya chama na kumwambia bwana kwamba kaka yake ndiye aliyempa. Kidonda ni kilekile. Kitu chaweza kurudishwa dukani. Imani iliyovunjika haina risiti.

Kwa hiyo wekeni kanuni tatu za nyumba yenu.

Kwanza, kubalianeni kiasi. Kila mmoja awe na uhuru wa kununua vitu vidogo bila kuomba ruhusa, lakini kuna kiasi ambacho kikipitwa, wote wawili lazima waseme ndiyo. Kiasi hicho mtakipanga wenyewe kulingana na kipato chenu.

Pili, kimya kisihesabiwe kuwa kukubali. Mwenzi aliyenyamaza hajaamua. Mpe siku tatu, kisha mwulize tena kwa upole, wakati hakuna mgeni wala mtoto anayesikiliza.

Tatu, anayesema hapana atoe sababu na wakati. "Hapana" tupu humfunga mwenzako mdomo. "Tusinunue sasa, tulipe karo ya muhula wa kwanza, mwezi wa Aprili tuzungumze tena" ni hapana inayoweza kukaa nyumba moja na amani.

Mazungumzo yenyewe yaweza kwenda hivi:

"Mama watoto, ningependa tuzungumze juu ya televisheni. Naona hii yetu imechoka."

"Ni kweli, Baba watoto. Lakini kinachokusumbua hasa ni nini?"

"Mpira siuoni vizuri. Na nikitazama kule nje natumia pesa."

"Mimi hofu yangu ni ile karo ya Januari. Tukimaliza hiyo, sina neno. Nikubalie jambo moja tu, isiwashwe wakati wa chakula na sala ya jioni."

"Nimekubali. Na tununue kwa taslimu, tusikope."

Hawa wawili hawajanunua kitu bado. Lakini kila mmoja amejua kilicho moyoni mwa mwenzake, nayo televisheni itakapokuja haitakuta nyumba imegawanyika.

MKIISHA KUPATANA, NENDENI PAMOJA

Siku ya kununua nendeni wawili kama inawezekana. Mwende mkiwa na kipimo cha mahali itakapokaa na bei mliyokubaliana, msiongezewe pale dukani.

Mwombeni muuzaji aondoe zile picha za samaki. Zimetengenezwa ili kila kioo kipendeze, tena televisheni za dukani huwekwa mwanga wa juu kuliko unaohitajika nyumbani. Aweke kituo cha kawaida, taarifa ya habari au mpira, maana ndivyo mtakavyotazama. Simameni kwa umbali mlioupima, kisha pembeni, mahali watoto watakapokaa, mwone kama rangi zinafifia.

Ulizeni kama ndani yake kuna kipokezi cha DVB-T2. Kikiwemo, mtapata vituo vya bure kwa antena bila kununua king'amuzi kingine. Hesabuni matundu ya HDMI. Tafuteni alama ya KEBS. Iwashwe mbele yenu kabla haijafungwa, na mwangalie kioo chote kama kuna doti iliyokufa au ufa. Risiti iandikwe namba ya televisheni hiyo, na dhamana isomwe inafunika nini kwa muda gani.

Njiani ibebwe ikiwa imesimama wima. Kioo chembamba kikilazwa na mizigo juu yake hupasuka, na boda boda iliyobeba katoni kubwa kwenye barabara yenye mashimo ni hatari kwa mali na kwa maisha.

Ile ya zamani ikiwa nzima, mfikirie mzazi kijijini au jirani asiye na kitu, mkahakikishe ana king'amuzi. Ikiwa imekufa na ni ya kisogo, msiivunje wala msiwape watoto waichezee. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Jijini kuna wanaokusanya taka za umeme kwa njia salama, kama vile WEEE Centre.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

Someni ukurasa huu pamoja, kisha chukueni nusu saa televisheni ikiwa imezimwa.

1. Televisheni yetu ya sasa inashindwa kufanya nini? Kila mmoja aandike jibu lake peke yake, halafu mlinganishe.

2. Tunakaa umbali gani kutoka kwenye kioo, na mara nyingi tunatazama nini?

3. Tukijumlisha bei, king'amuzi, intaneti na umeme kwa mwaka mmoja, ni kiasi gani? Je, kuna karo, kodi au deni linalongoja pesa hizo?

4. Ni kiasi gani ambacho hakuna kati yetu atakayekipita bila mwenzake kujua?

5. Ikiwa tutangoja, tutangoja mpaka mwezi gani, na nani ataweka akiba hiyo?

Mkimaliza, jibu laweza kuwa kununua, kutengeneza ya zamani, au kungoja. Yote matatu ni majibu mazuri. Liandikeni kwenye karatasi, wekeni tarehe, na wote wawili mtie sahihi.